Dhahabu Katika Shamba la Jirani

Msomaji, huenda nawe siku moja uliinama juu ya kijito kilicho karibu na kwenu, ukaona kitu kinachong'aa katika mchanga, na moyo wako ukapiga kwa nguvu. Kama jambo hilo halijakupata, utaniwia radhi nikikusimulia habari za wanafunzi wangu wawili ambao liliwapata, maana walinitia katika fikira ambazo sikuweza kuziondoa kichwani muhula mzima.

Nafundisha katika shule moja iliyo kati ya Ruiru na Thika, mahali ambapo mito midogo hushuka kutoka milima ya Nyandarua na kwenda kujiunga na mto Athi. Jumatatu moja, baada ya masomo ya jioni, vijana wawili wa kidato cha tatu walinijia ofisini. Walifunga mlango nyuma yao kabla sijawaambia wafunge. Mmoja, ambaye ndiye mkubwa, alitoa mkebe mfukoni akaumimina juu ya karatasi nyeupe iliyokuwa mezani pangu. Palikuwa na mchanga mweusi, mzito, na katikati yake vipande vidogo vyembamba vya rangi ya manjano vikimetameta katika mwanga wa dirisha.

Tangu mvua zianze walikuwa wakishuka mtoni kila Jumamosi na karai waliloazima kwa fundi wa kujenga, wakichota mchanga na kuusuuza mpaka ubaki ule mzito wa chini. Waliniomba mambo mawili. La kwanza, niwathibitishie kwamba ile ni dhahabu. La pili, niwatunzie siri. Mahali walipoipata hapakuwa pao. Palikuwa ukingoni mwa shamba la mjane mmoja mzee, jirani yao, mahali chepechepe anapolima nduma. Nao walikuwa wamekwisha kumwendea kumwomba awakodishie ukanda ule kwa miaka mitano.

Nilimwuliza yule mkubwa, "Mlimwambia mnautakia nini?"

"Tulimwambia tunataka kupanda nduma, Mwalimu," alijibu, akitazama chini.

Nikamgeukia mdogo. "Na wewe ulisema nini?"

"Mimi sikusema neno, Mwalimu. Nilinyamaza tu."

Alilisema hilo kama mtu aonyeshaye kwamba mikono yake ni safi. Msomaji, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii.

Lakini kwanza tuumalize mchanga. Dhahabu ni nzito mno. Uzito wake hupita uzito wa maji ya kiasi kile kile mara kumi na tisa, na mchanga wa kawaida hauyapiti maji hata mara tatu. Kwa sababu hiyo, ukizungusha karai katika maji, dhahabu hukaa chini kabisa nao mchanga hutoka. Tena dhahabu ni laini: ukiigonga kwa nyundo hutandazika kama unga uliokandwa, haivunjiki. Tulitia mchanga ule katika bakuli la maji, tukazungusha. Mchanga mweusi ulikaa chini, bali vile vya manjano vilielea na kucheza juu juu kama makapi. Nilileta sumaku kutoka maabara, na mchanga mweusi ukairukia. Ulikuwa chuma cha miamba ya volkano, ambacho mito yetu imejaa. Kipande kimoja cha manjano nikakibandua kwa ukucha, kikatoka tabaka juu ya tabaka kama ganda la kitunguu. Ulikuwa ulanga.

Hapo nilishangaa kidogo mimi mwenyewe. Miamba ya Ruiru na Thika ilitokana na volkano, na si miamba ya dhahabu. Dhahabu ya Kenya hupatikana zaidi katika miamba ya kale sana ya magharibi, kama ile ya Kakamega na Migori, yenye umri upatao miaka milioni elfu mbili na nusu na zaidi. Walakini hata ulanga mwingi namna ile sikuutazamia katika kijito chetu. Siku ya pili tulikwenda wote watatu kutazama. Tulipopanda ukingo kama hatua mia mbili kutoka mahali pao, tuliona nyumba ya ghorofa ikijengwa, na mbele yake chungu kubwa la mchanga ulioletwa na malori kutoka Ukambani, ambako miamba ni ya namna nyingine na ulanga ni tele. Mvua ilikuwa ikilila chungu lile kidogo kidogo na kulishusha mtoni. Dhahabu ya vijana wangu ilikuwa imekuja kwa lori.

Walicheka, nami nilicheka. Kisha yule mdogo akasema kwa moyo mwepesi, "Basi, Mwalimu, mambo yamekwisha. Kama si dhahabu, hakuna kosa lililotendeka."

Je, wewe msomaji wakubali? Mimi sikukubali. Mwizi avunjaye sanduku akalikuta tupu hajawa mwaminifu kwa sababu ya utupu wa sanduku. Nilimwambia hayo, naye akanijibu kwa akili, maana ni kijana mwenye akili: "Mwenzangu alisema uwongo kuhusu nduma, na uwongo ni kosa. Lakini mimi sikumdanganya mtu. Je, nalazimika kumwambia kila mtu kila ninachokijua?"

Swali hili ni la zamani kuliko mimi na yeye. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, alimwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athens kitabu juu ya wajibu wa mtu, na katika sehemu yake ya tatu alilizungumza swali hilo hilo. Alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyefika kisiwa cha Rhodes na shehena ya nafaka wakati wa njaa. Yeye ajua kwamba merikebu nyingine nyingi zimo njiani zimejaa chakula. Watu wa kisiwa hawajui. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero alisimulia jinsi wanafalsafa wawili walivyotofautiana, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mwalimu alisema kwamba muuzaji hana lazima ila kutaja kasoro za mali yake kama sheria itakavyo. Kutosema si kuficha. Mwanafunzi alisema kwamba binadamu wamefungamana, na faida ya mwenzako ni sehemu ya faida yako, basi huna ruhusa ya kumficha. Napenda kukumbusha kwamba katika mashindano hayo Cicero alikuwa upande wa mwanafunzi.

Tena yumo katika kitabu hicho mtu auzaye dhahabu naye adhani auza shaba. Je, mtu mwema amwambie kwamba ni dhahabu, au ainunue kwa dinari moja hali thamani yake ni dinari elfu? Nilipowasomea vijana wangu swali hilo, walitazamana. Walidhani nimelitunga kwa ajili yao.

Watu wa imani nao wamekuwa na hadithi zao. Katika Injili ya Mathayo umo mfano wa mtu aliyeiona hazina iliyositirika shambani, akaificha tena, akaenda akauza alivyo navyo vyote, akalinunua shamba lile. Mwanafunzi wangu mkubwa, ambaye huhudhuria kanisa, aliushika mfano huo kama ngao. Nilimwambia kwamba mfano ule wafundisha jinsi kitu chenye thamani kuu kinavyostahili kutolewa vyote. Haukuletwa kufundisha namna ya kununua mashamba. Na Waislamu wanayo hadithi iliyopokewa kwa Abu Huraira, ya mtu aliyenunua shamba akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Alimrudishia muuzaji, akasema yeye alinunua ardhi wala hakununua dhahabu. Muuzaji alikataa, akasema yeye aliuza ardhi na vyote vilivyomo. Wakashindana, kila mmoja akimsukumia mwenzake, hata wakaenda kwa mwamuzi. Naye alipopata habari kwamba mmoja ana mwana na mwingine ana binti, aliamua vijana hao waoane na dhahabu itumike kwa ajili yao, na sadaka itolewe. Mimi nimekaa Ruiru miaka mingi, nimeona kesi nyingi za ardhi, lakini kesi ya namna hiyo sijaiona bado.

Yafaa sasa tumpe mpinzani wetu nafasi yake, maana hoja yake si dhaifu. Atasema hivi: ujuzi ni jasho. Mtu ameacha kucheza, ameshuka mtoni, amelowa, amejifunza namna ya kusuuza mchanga. Mwenye shamba amekaa juu ya mali ile miaka arobaini wala hakuinama. Kama mtafutaji atalazimika kusema yote kabla ya kupatana, atafutaye atapata nini? Hapatakuwa na mtu wa kutafuta, na mali itabaki ardhini isimfae yeyote. Hoja hiyo yanitaabisha, sikufichi. Hata katika soko la Thika, anunuaye nyanya kwa mkulima hamwambii bei za Nairobi, nasi hatumwiti mwizi. Lakini muuza nyanya ajua kwamba yumo katika mashindano ya bei. Naye ana simu, aweza kuuliza, na kesho atakuja tena akiwa mwerevu zaidi. Mama yule wa nduma hakujua kwamba yumo katika mashindano yoyote. Alidhani yuazungumza na watoto wa jirani.

Yule mkubwa alinitajia Kakamega, akasema kwamba waliogundua dhahabu kule walihesabiwa mashujaa. Nilifurahi alipoitaja, maana habari ile yahusu jambo letu kuliko alivyojua. Mwaka 1931 mlowezi mmoja aliyetoka Marekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu Kakamega. Wakati huo bei za mazao zilikuwa zimeanguka ulimwenguni, na walowezi wengi walikuwa na madeni. Walikimbilia kule na makarai na mahema. Ardhi ile ilikuwa ya Waafrika, nayo ilikuwa imekingwa kwa sheria iliyotungwa mwaka 1930. Sheria hiyo ilisema kwamba ardhi ya wenyeji ni yao daima. Na kama sehemu itahitajiwa kwa kazi ya serikali, watapewa ardhi nyingine ya kiasi hicho hicho, na baraza lao litaarifiwa kwanza. Dhahabu ilipoonekana, ahadi hiyo haikutimiza hata miaka mitatu. Mwezi wa Desemba mwaka 1932 sheria ilibadilishwa ili ardhi iweze kutwaliwa kwa ajili ya migodi pasipo kutolewa ardhi nyingine, wala baraza la wenyeji kuarifiwa kwanza. Fidia ingelipwa kwa fedha.

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifanya kazi kule mpaka mwaka 1952. Mashimo yalibaki, na wachimbaji wadogo wa leo wangali wakiifuata dhahabu katika nchi ile. Lakini nataka uone kile kilichoondolewa katika sheria. Pamoja na ardhi ya badala, iliondolewa pia kazi ya kwenda kwa mwenye shamba na kumwambia: hivi ndivyo tunavyotaka kufanya, na sababu ni hii. Waliobadilisha sheria walijua kwamba ukimwambia mtu ukweli wote, aweza kusema hapana.

Sheria ya Kenya ya leo imelijibu swali la mali yenyewe. Kwa Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yaliyo chini ya ardhi si ya mwenye shamba wala si ya aliyeyaona. Ni ya Jamhuri, nayo serikali huyashika kwa niaba ya watu. Ushuru wake hugawanywa: sehemu 70 katika mia kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali. Basi kama ungalikuwa ulanga wetu ni dhahabu, wala vijana wale wala mjane yule wasingaliweza kuiita yao. Hata hivyo, anayetaka kutafuta madini katika shamba la mtu sharti apate leseni, na tena ridhaa ya mwenye shamba. Nami nakuuliza, mtu akikubali kupandwa nduma, ameridhia nini?

Nimefika mahali ambapo ningependa kuishia, lakini sitakuwa mkweli nikifanya hivyo. Nimewahukumu vijana wawili, nawe wajua kwamba mwalimu ni mwepesi wa kuhukumu. Acha nikueleze habari zangu.

Kazi ya kupanua barabara ya Nairobi hadi Thika ilianza mwaka 2009, na barabara ikafunguliwa rasmi mwaka 2012. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nangoja kuingia chuo cha ualimu. Jamaa yangu mmoja alitaka kununua thumni ya eka kwa mzee mmoja, si mbali na barabara, akanichukua niende naye kusoma na kuandika mapatano. Mzee alikuwa na hofu. Alikuwa amesikia kwamba mashamba yote yaliyo karibu yatachukuliwa na serikali, na kwamba wenyewe watafukuzwa mikono mitupu. Jamaa yangu hakumwambia kwamba ndivyo, wala hakumwambia kwamba sivyo. Mimi nilikuwa nimesoma katika magazeti upana wa barabara na mahali itakapopita, nikajua kwamba kipande chake kiko nje kabisa, na kwamba siku barabara itakapokwisha, kipande hicho kitakuwa kama dhahabu. Tulikuwa tukinywa chai. Mzee aliniangalia mimi, si jamaa yangu, akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Je, ni kweli watatuondoa?"

Nilitazama kikombe changu. Nilisema kwamba mambo ya serikali ni vigumu kuyajua.

Aliuza siku ile ile. Baada ya miaka michache jamaa yangu aliuza nusu ya kipande kile kwa fedha iliyozidi yote aliyoitoa. Sikupata hata senti, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba kwa kuwa sikufaidika, na kwa kuwa habari zile zilikuwa magazetini wazi kwa kila mtu, sikumnyima mzee kitu. Lakini gazeti lililo wazi kwa asiyeweza kulisoma limefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Mpaka alipokufa alinisalimu kila tulipokutana, akiniita mwanangu. Nilikuwa nikivuka barabara ili tusikutane.

Kwa hiyo, msomaji, nilipomsikia kijana yule akisema, "Nilinyamaza tu," niliitambua sauti. Ilikuwa yangu.

Maoni yangu ni haya, nawe u huru kuyapinga. Ujuzi wastahili ujira. Mtafutaji aweza kusema, "Mama, nadhani shambani mwako mna kitu, mimi najua namna ya kukitafuta, tupatane juu ya haki ya kila mmoja." Hapo alipwe jasho lake, wala asionewe haya. Scaevola, mwanasheria wa Roma ambaye Cicero alimtaja, alipotajiwa bei ya shamba alilotaka kulinunua, alisema kwamba kwa makadirio yake thamani yake imezidi hapo, akaongeza sesta laki moja. Wengi watamwita mpumbavu. Lakini Scaevola aliweza kulitumia shamba lake na kumtazama jirani usoni. Jiulize swali moja tu: mapatano yako yangesimama kama mwenzako angejua yote unayoyajua? Yakisimama, umeuza akili zako, nazo ni zako. Yakianguka, basi hukuuza akili. Umeuza giza alimokaa mwenzako, na giza lile halikuwa mali yako.

Sikuwaamuru vijana wale waende kwa mama yule. Niliwasimulia habari ya kikombe cha chai, nikanyamaza, na nadhani mara ile nilinyamaza kwa haki. Jumamosi walikuja nyumbani kwangu wakaniomba nifuatane nao.

Tulimkuta mama mzee uani akichambua maharagwe. Alitupa vigoda tukakaa. Mara hii aliyesema ni yule mdogo. Alisema yote: karai, mkebe, dhahabu iliyokuwa ulanga, na nduma ambazo hawakukusudia kuzipanda. Sauti yake ilitetemeka, lakini hakuacha neno. Mama hakuinua macho katika maharagwe yake mpaka alipomaliza.

"Hayo yanayong'aa?" aliuliza. "Huo ni mchanga wa wale wanaojenga kule juu. Mvua inauleta. Umezika mistari yangu miwili ya nduma, nami nimekwenda kwa yule fundi wao mara tatu, hataki kunisikia. Nilidhani mmeuona, wajukuu zangu, ndiyo maana mkanihurumia mkataka kunisaidia kulima."

Vijana hawakuwa na la kujibu.

"Sasa," alisema mama, akisimama na kuikung'uta leso yake, "huo ukanda bado mnautaka, au hamuutaki? Kwa maana kabla ya kupanda, kuna mchanga wa kuondoa."

Yule mkubwa aliuliza jembe liko wapi.